Runinga Mpya na Diski za Zamani: Uchambuzi wa Uteuzi wa Deki ya Familia

Familia inapopata runinga mpya, swali la deki ipi inunuliwe huulizwa mara nyingi kana kwamba jibu lake limo ndani ya runinga yenyewe: kwa kuwa kioo ni kikubwa, ni bapa na kimebandikwa karatasi yenye maandishi ya 4K, basi deki nayo lazima iwe ya kiwango hichohicho, la sivyo fedha iliyotumika itakuwa imekwenda bure. Uchambuzi huu unashikilia msimamo tofauti. Kinachopaswa kutangulia ni diski zilizomo kabatini, kisha umbali kati ya kioo na makochi, kisha matundu yaliyo nyuma ya runinga na ya sabufa, na ukubwa wa namba zilizoandikwa kwenye kioo ufuate baada ya hayo yote. Mazingira yanayozingatiwa hapa ni ya nyumba za kawaida za Tanzania na Kenya, ambako deki, yaani mashine inayosoma diski na kupeleka picha na sauti kwenye runinga, bado ina kazi ambayo bando la intaneti halijaweza kuipokonya.

Diski zote zinazohusika zina umbo moja, kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, vipimo vilivyorithiwa kutoka kwa CD ya muziki ambayo kampuni za Philips na Sony ziliiingiza sokoni mwaka 1982. Zinatofautiana katika udogo wa alama zilizomo ndani yake na mwanga wa leza unaozisoma. Leza ya CD ina mawimbi yenye urefu wa nanomita 780, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ya DVD ina nanomita 650. Na ya Blu-ray ina nanomita 405, mwanga unaokaribia rangi ya zambarau. Kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo leza inavyoweza kusoma alama ndogo zaidi na zilizosongamana zaidi, na ndiyo sababu CD hubeba takriban megabaiti 700 tu, ilhali DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25, na Blu-ray ya 4K hadi gigabaiti 100. Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja kwa mnunuzi. Deki ya Blu-ray hutengenezwa ikiwa na leza ya DVD pia, hivyo husoma diski za kizazi kilichotangulia, lakini deki ya DVD haiwezi kamwe kusoma Blu-ray, hata ikipelekwa kwa fundi hodari kiasi gani.

Hata hivyo, kusema kwamba mashine mpya husoma diski za zamani si kusema kwamba husoma diski zote za zamani, na hapa ndipo familia nyingi hupata hasara. VCD, yaani CD iliyojazwa picha za video, iliwekewa viwango mwaka 1993 na ikaenea sana Asia na Afrika kwa sababu ilikuwa rahisi kuizalisha na deki zake zilikuwa za bei ya chini. Picha yake ni ndogo mno, pikseli 352 kwa 288, pikseli ikiwa ni nukta moja ya rangi kati ya zile zinazounda picha, na diski moja huchukua dakika 74 tu, kiasi kwamba filamu moja hugawanywa katika diski mbili. Pamoja na udhaifu huo, VCD ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya utamaduni wa kutazama majumbani katika kanda hii: albamu za video za kwaya, maonyesho ya taarabu, mawaidha, na filamu za Kitanzania zilizoshamiri katika miaka iliyofuata kutolewa kwa filamu ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003. Baadhi ya deki za Blu-ray, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ambako VCD haikuwahi kuenea, haziisomi kabisa. Diski huingia, huzunguka kidogo, kisha kioo huandika kwamba haitambuliki. Familia yenye VCD thelathini za kwaya ambayo imenunua deki ya namna hiyo imepata mashine bora kwa diski isizonazo na imepoteza mashine ya diski ilizonazo.

Uzito wa hoja hii unaonekana zaidi katika aina nyingine ya diski, ambayo haiuzwi dukani wala haimo katika huduma yoyote ya filamu mtandaoni, nayo ni diski ya shughuli za familia. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi, mpigapicha wa video aliyekodiwa kwa harusi, kwa sherehe ya kumuaga binti, kwa kipaimara, kwa mahafali au kwa mazishi alikabidhi kazi yake katika DVD mbili au tatu zilizowekwa ndani ya kasha lenye picha ya wahusika. Mara nyingi kanda au kadi ya kamera ilifutwa na kutumika katika shughuli nyingine, kwa hiyo diski iliyomo kabatini ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki. Humo mna sauti ya babu aliyekwisha kufariki, mna mashangazi wakicheza wakiwa bado na nguvu zao, mna nyumba ya zamani kabla haijabomolewa. Filamu ya kununua ikipotea inaweza kupatikana tena kwa njia moja au nyingine, hii haipatikani. Deki ya familia ipimwe kwanza kwa uwezo wake wa kusoma diski hizi, na sifa nyingine zote zifuate.

Diski ya shughuli hutofautiana kimaumbile na diski iliyotoka kiwandani. Ya kiwandani hugandamizwa kwa muhuri, alama zake zikiwa mashimo halisi kwenye plastiki, na upande wake wa chini hung'aa kwa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwa kompyuta ina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo leza huliunguza ili kuacha alama, na mtu akiigeuza chini ya mwanga wa taa ataona upande wa chini una wekundu au zambarau hafifu. Rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevunyevu, vitu vitatu ambavyo chumba chenye paa la bati kisicho na dari hutoa kwa wingi. Aidha, diski iliyochomwa hurudisha mwanga wa leza kwa udhaifu zaidi kuliko ya kiwandani, jambo linaloeleza kwa nini deki moja husoma diski ya harusi bila tatizo na nyingine hukwama katikati ya hotuba ya mshenga. Hakuna karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye boksi inayotaja tofauti hii, na njia pekee ya kuijua ni kujaribu. Mnunuzi anayekwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi aende na diski zake tatu mkononi: VCD kongwe kuliko zote, diski ya shughuli yenye mikwaruzo zaidi, na DVD ya kiwandani, kisha aombe deki iwashwe mbele yake na kila diski ichezwe hadi karibu na mwisho, kwa sababu diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni na kasoro nyingi hukaa ukingoni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu kuhusu bidhaa yake.

Baada ya diski huja suala la picha, ambalo wauzaji hulieleza kwa namba na wanunuzi huliogopa kwa sababu ya namba hizohizo. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 1996, ina picha ya pikseli 720 kwa 576 katika mfumo wa PAL unaotumika Afrika Mashariki, yaani pikseli 414,720 kwa jumla. Runinga ya kiwango kinachoitwa Full HD ina 1920 kwa 1080, ambazo ni mara tano ya hizo, na runinga ya 4K ina 3840 kwa 2160, ambazo ni mara ishirini. Kwa hiyo DVD inapochezwa kwenye kioo cha 4K, pikseli kumi na tisa kati ya kila ishirini zinazoonekana hazikutoka kwenye diski bali zimekisiwa na mashine kwa kulinganisha nukta jirani, kazi inayoitwa kukuza picha. Ukisomwa peke yake, ukweli huu unamfanya mtu aone kwamba DVD kwenye runinga mpya ni upuuzi. Kinachosahaulika ni jicho.

Jicho la mtu mwenye uoni wa kawaida hutenganisha nukta mbili iwapo pembe iliyo kati yake, ikipimwa kutoka jichoni, si ndogo kuliko sehemu moja ya sitini ya digrii. Hesabu inayotokana na kanuni hiyo ni nyepesi: mistari 576 ya DVD huanza kuonekana mmojammoja pale tu mtazamaji anapokuwa karibu kuliko mara sita ya kimo cha kioo, mistari 1,080 pale anapokuwa karibu kuliko mara tatu na kidogo, na mistari 2,160 ya 4K pale anapokuwa karibu kuliko mara 1.6. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha takriban sentimita 54. Anayeitazama kutoka mita 3.2 amefika katika mpaka ambao mistari ya DVD haimsumbui tena, na ili afaidi 4K kikamilifu anapaswa kusogeza kiti hadi chini ya mita moja, umbali ambao hakuna mzazi anayemruhusu mtoto akae. Katika sebule nyingi makochi yamepangwa ukutani, kuizunguka meza ya katikati, na runinga iko ukuta wa pili. Umbali wa mita tatu au zaidi ndio wa kawaida. Hesabu hii inaipendelea DVD kidogo, kwa kuwa pikseli za picha yake zimetawanyika zaidi kwa upana kuliko kwa kimo na picha yenyewe imebanwa ili itoshe kwenye diski, lakini mwelekeo wake ni sahihi: kwa kioo cha inchi 32 au 43 katika sebule ya kawaida, DVD safi inatazamika vizuri. Kwa kioo cha inchi 55, ambacho mpaka wake kwa DVD ni mita nne na ushei, upungufu huanza kuonekana na hoja ya Blu-ray hupata nguvu.

Malalamiko mengi kwamba diski za zamani ni mbovu kwenye runinga mpya hayatokani na diski wala na uchache wa pikseli, bali na mipangilio ambayo hakuna aliyeigusa. Jambo la kwanza ni umbo la picha. Video nyingi za shughuli za miaka ya nyuma zilipigwa kwa kipimo cha nne kwa tatu, ilhali runinga za sasa zina kipimo cha kumi na sita kwa tisa, na runinga iliyoachwa ijaze kioo chote huivuta picha kwa upana kwa theluthi moja zaidi, bwana harusi akanenepa na gari likarefuka. Dawa yake imo kwenye rimoti, si dukani: deki ielezwe kwamba imeunganishwa na kioo cha kumi na sita kwa tisa, na runinga iambiwe iache weusi pembeni mwa picha ya zamani. La pili ni namna kamera za wakati huo zilivyorekodi, zikipeleka nusu ya mistari kwanza na nusu nyingine baadaye, mara 50 kwa sekunde. Kioo bapa huonyesha mistari yote kwa pamoja, hivyo ni lazima mashine iunganishe nusu hizo mbili, na ikiunganisha vibaya mkono unaopunga huota kingo kama meno ya chanuo. Kwa kawaida runinga mpya huifanya kazi hii vizuri kuliko deki ya bei ya chini, na kwa sababu hiyo inafaa kujaribu deki ikiwa imepangwa kutoa picha ya 576 bila kuikuza, runinga ikaachiwa ukuzaji, kisha kulinganisha na deki ikiwa imepangwa kutoa 1080, na kubaki na mpangilio unaoonekana bora.

Jaribio hilo linawezekana tu ikiwa waya unaounganisha vyombo hivi ni wa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti kwa njia ya kidijitali. Deki za zamani na baadhi ya zile za bei ya chini kabisa zina matundu matatu tu ya AV, la njano la picha, na jekundu na jeupe ya sauti, na tundu la njano hupeleka rangi zote na mwanga wote katika mkondo mmoja unaozichanganya; picha hupoteza makali kabla haijafika kwenye kioo. Zaidi ya hapo, runinga nyingi mpya zimeondolewa matundu hayo au yamefupishwa kuwa kitundu kimoja kidogo kinachohitaji waya maalumu ambao si kila duka linao. Deki yenye HDMI kwa hiyo si anasa. Kinachopaswa kuhesabiwa kabla ya kununua ni idadi ya matundu ya HDMI kwenye runinga, kwa kuwa tangu matangazo ya analojia yaanze kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa imezima Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa na tundu lake la kudumu nyuma ya runinga, na nyumba yenye king'amuzi, mashine ya michezo na deki inahitaji matundu matatu ilhali runinga nyingi ndogo zina mawili.

Sauti haipati nafasi inayostahili katika maamuzi haya, ingawa ndiyo inayobeba kwaya, taarabu na hotuba. Runinga bapa haina nafasi ya spika za maana, na ndiyo sababu sabufa, yaani spika kubwa ya mdundo pamoja na ndogo zake, imekuwa mwenza wa runinga katika sebule nyingi. Sabufa hizi kwa kawaida hupokea sauti kupitia matundu mekundu na meupe. Deki ya DVD yenye HDMI na matundu hayo pia humaliza tatizo kwa mara moja: picha huenda kwenye runinga kwa waya mmoja na sauti huenda kwenye sabufa kwa waya mwingine. Deki nyingi mpya za Blu-ray hazina matundu hayo. Masharti ya ulinzi wa hakimiliki yaliyowafunga watengenezaji yalikomesha matundu ya picha ya analojia katika deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2013, na ya sauti nayo yakaondolewa katika modeli nyingi ili kupunguza gharama. Mwenye deki ya aina hiyo atalazimika kuitoa sauti kwenye runinga kwenda kwenye sabufa, jambo linalowezekana ikiwa runinga ina tundu la kutolea sauti, na linalopaswa kuthibitishwa dukani kabla ya fedha kutoka.

Linafuata suala linalozihusu hasa familia zenye ndugu walio nje, kwani deki ni miongoni mwa zawadi zinazofungwa kwenye masanduku. Diski za DVD za kiwandani hufungwa kwa namba za kanda, mpango uliobuniwa na kampuni za filamu ili diski iliyouzwa eneo moja isichezwe kwenye deki ya eneo jingine. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya, Mashariki ya Kati pamoja na Oman na nchi za Ghuba, na Afrika Kusini ni kanda ya 2. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ziko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Blu-ray imegawanywa upya kwa herufi: Amerika ni A, Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ni B, India ni C. Diski za Blu-ray za 4K hazina mgawanyo huo kabisa. Deki za bei ya chini zinazouzwa Afrika Mashariki kwa kawaida huwa zimefunguliwa kusoma kanda zote za DVD, na diski zilizochomwa, zikiwemo za shughuli, hazina namba ya kanda. Zinazofungwa kikweli ni deki za kampuni kubwa zilizonunuliwa ughaibuni.

Matokeo yake si sawa kwa kila nchi. Deki inayotoka Uingereza au Oman hutumia umeme wa kiwango kinacholingana na wa Tanzania wa volti 230 na wa Kenya wa volti 240, ina plagi ileile ya pini tatu bapa, na Blu-ray yake ni ya herufi B kama ya Afrika; kikwazo pekee ni namba ya 2 kwa DVD za kiwandani za kanda ya 5. Deki inayotoka Marekani ina matatizo yaliyopandana. Umeme wa huko ni volti 120, na deki isiyoandikwa nyuma kwamba hupokea volti 100 hadi 240 itaungua siku ya kwanza ikichomekwa bila transfoma. Blu-ray yake ni ya herufi A. Na nyingi hazichezi diski za PAL, ambao ndio mfumo wa diski za shughuli zilizorekodiwa Afrika Mashariki. Ndugu aliyeko Marekani anayetaka kuwafaa wazazi wake kwa deki atawafaa zaidi kwa kuwatumia fedha wainunue nyumbani.

Umeme wenyewe unahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa hukatika na kurudi kwa kishindo, na kifaa cha kulinda runinga dhidi ya umeme kupanda na kushuka kinaweza kuilinda deki pia kwa gharama ileile. Kwa nyumba zinazotumia umeme wa jua, deki ya DVD ni mzigo mdogo wa wati kama 10 hadi 15. Vumbi ndilo adui mkubwa zaidi, likifuatiwa na hewa ya chumvi katika miji ya pwani: hutanda kwenye lenzi, kioo kidogo kinachoelekeza leza, na deki huanza kukataa diski moja baada ya nyingine, kwanza zilizochomwa, kisha zote. Deki hufunikwa kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, si ikiwa inafanya kazi. Diski nayo hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuifuta kwa mzunguko huacha mikwaruzo inayofuata njia ya leza, ambayo deki haiwezi kuiruka.

Tundu la USB, ambalo wauzaji hulisifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya deki, halipaswi kuwa sababu ya kununua. Deki nyingi za DVD husoma kwenye flashi muziki, picha za mnato na video za mifumo ya zamani tu, na hukataa video za MP4 zinazopigwa na simu za leo. Runinga mpya ina tundu lake la USB linalosoma video hizo, na mtu aliyejaziwa filamu kwenye flashi aichomeke huko moja kwa moja.

Blu-ray yenyewe inastahili hukumu iliyo wazi. Kwa upande wa picha na sauti, ni bora kuliko chochote kinachofika kwenye runinga ya nyumbani kwa njia nyingine: filamu ya mtandaoni ya kiwango cha HD hutumia takriban gigabaiti 3 kwa saa, ilhali filamu ya saa mbili kwenye Blu-ray inaweza kujaza gigabaiti 25 au zaidi, na tofauti hiyo inaonekana katika matukio ya giza, moshi na maji, ambako picha iliyobanwa sana huvunjika vipandevipande. Blu-ray ya 4K, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, huwa na viwango 1,024 vya mwanga kwa kila rangi ya msingi badala ya 256, na ongezeko hilo la rangi, tofauti na ongezeko la pikseli, huonekana hata kutoka mbali. Lakini diski zake si bidhaa ya kawaida madukani Afrika Mashariki. Filamu za Kiswahili hazikutolewa kwa Blu-ray kwa kiasi cha kuhesabika, wala filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Deki ya Blu-ray inafaa kwa familia inayoletewa diski mara kwa mara na ndugu walio Ulaya au Ghuba, au iliyo na diski za shughuli zilizorekodiwa kwa mfumo wa AVCHD, ambao ni video ya HD iliyochomwa kwenye DVD ya kawaida na ambayo deki ya DVD haiwezi kuicheza. Nyumba yenye mashine ya michezo ya PlayStation 4 haina haja ya kuinunua, kwani mashine hiyo husoma Blu-ray na DVD, ingawa haisomi CD wala Blu-ray ya 4K. Deki ya 4K ni ya mpenzi wa sinema mwenye kioo cha inchi 55 au zaidi, mwenye njia ya uhakika ya kupata diski, na runinga yake iwe na tundu la HDMI linalokubali kufuli la kidijitali la HDCP 2.2, la sivyo picha ya 4K haitapita.

Kwa familia nyingi zilizobaki, deki inayofaa ni ya DVD, yenye HDMI na matundu mekundu na meupe ya sauti, inayosoma VCD na kanda zote, iliyojaribiwa kwa diski za mwenye nyumba. Deki iliyounganishwa ndani ya sabufa au ndani ya runinga iepukwe, kwa kuwa lenzi ndiyo huharibika mapema, na ikiharibika hulazimu chombo chote kipelekwe kwa fundi.

Ununuzi huo una muda wake. Kampuni ya Oppo ilitangaza kuacha kutengeneza deki mwaka 2018, Samsung ikatangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta modeli mpya za Blu-ray katika soko la Marekani, Netflix ikafunga huduma yake ya kukodisha DVD Septemba 2023, na LG ikaacha deki za Blu-ray mwishoni mwa mwaka 2024. Deki za DVD za bei ya chini bado zinatengenezwa, lakini kompyuta za mkononi zenye nafasi ya diski zimekuwa adimu, na kila mwaka unaopita tabaka la rangi kwenye diski ya harusi linazidi kufifia. Deki mpya, hata ikiwa bora, huisoma diski hiyo, haiizuii kuzeeka. DVD mia moja za tabaka moja zilizojaa hazifikishi gigabaiti 500, kiasi kinachotosha kwenye diski kuu ya nje, kile kisanduku kidogo cha kuhifadhia data kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mwenye diski za shughuli azitenge mwezi huuhuu, azipeleke kwa mtu mwenye kisomaji cha DVD cha kuchomeka kwenye kompyuta, anakili kila moja nzima bila kuibana, na aweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja kwake na moja kwa ndugu.